Jirani si "mtumiaji": nilichofunzwa na mama mboga

Najua nimepotea kwa wiki kadhaa. Kazi zilinizidi, na wale mnaoishi kwa kuandika msimbo mnajua jinsi mteja anavyoweza kula usiku wako wote. Leo sitazungumzia lugha za programu wala jinsi ya kuweka seva. Kuna jambo limenikaa rohoni muda mrefu na nadhani ni wakati wa kulitoa, hata kama litawaudhi baadhi ya watunga programu wenzangu.

Nianze na aibu yangu mwenyewe.

Mwaka 2019 niliunda programu ya simu kwa ajili ya mtaa wetu huku Eastlands, Nairobi. Ilikuwa na kila kitu. Mahali pa kuripoti maji yakikatika. Mahali pa kuripoti taka. Ramani ya mtaa. Na chini kabisa, kitufe kikubwa chekundu cha dharura: ukikibonyeza, majirani wote waliojisajili wanapata ujumbe. Nilitumia miezi minne, usiku na wikendi. Seva nililipia kutoka mfukoni mwangu. Nikabandika matangazo kwenye ngazi za kila ploti. Watu kumi na mmoja walijisajili. Kati yao wanne ni wa familia yangu, na mmoja ni mimi mwenyewe, nikijaribu kama usajili unafanya kazi.

Sikukata tamaa. Nilijiambia kwamba watu hawajaelewa, kwamba muundo haujavutia, kwamba rangi si nzuri. Nikaendelea kurekebisha.

Basi kuna mzee mmoja anayeishi peke yake ghorofa ya tatu, milango miwili kutoka kwangu. Siku moja alianguka bafuni alfajiri, akavunjika nyonga. Simu yake, ile ya mulika mwizi, ilikuwa mezani sebuleni. Alilala pale sakafuni mchana kutwa. Alipiga kelele mpaka sauti ikaisha, lakini redio na televisheni za ploti nzima zilikuwa juu na hakuna aliyemsikia. Hata mimi sikumsikia.

Aliyemwokoa ni mama mboga. Kila asubuhi mzee huyu hushuka kwenye kibanda chake kuchukua maziwa ya pakiti na mandazi mawili. Siku hiyo hakushuka. Mama akadhani labda ameenda hospitali au kwa watoto wake. Jioni alipokuwa anafunga akamuuliza mlinzi wa geti, "Mzee wa juu umemwona akitoka leo?" Mlinzi akasema hajapita. Mama akamtuma mtoto akagonge mlango. Kimya. Akamwita msimamizi wa ploti, mlango ukafunguliwa kwa nguvu. Muuguzi mstaafu wa ghorofa ya kwanza akaja mbio na kukataza mtu yeyote kumnyanyua ovyo. Vijana wa timu ya mpira wakaleta ubao wa kitanda, wakamshusha ngazi zote tatu polepole. Jamaa wa teksi alikuwa ameshawasha gari.

Tangu mama aulize swali lake mpaka gari kuondoka haikufika nusu saa. Hakuna aliyetumia intaneti.

Na mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa nyumbani, milango miwili kutoka pale, nikibadilisha rangi ya kitufe cha dharura. Sitanii.

Mzee alipona. Anatembea kwa mkongojo, na bado anashuka kuchukua maziwa yake. Lakini mimi siku ile kuna kitu kilinivunjika ndani. Nilikuwa nimejenga mfumo wa dharura kwa mtaa ambao tayari ulikuwa na mfumo wa dharura, tena mfumo unaofanya kazi. Mama mboga ndiye aliyegundua. Mlinzi akathibitisha, muuguzi akatoa ujuzi, vijana wakatoa misuli, dereva akatoa usafiri. Kilichowaunganisha ni kwamba walikuwa wanajuana. Mimi niliyejiita mtaalamu sikuwahi hata kuuliza kama kitu hicho kipo.

Fomu inayotufundisha vibaya

Kwa nini sikuuliza? Nimelifikiria sana swali hili, na jibu langu ni kwamba tumefundishwa kutouliza.

Nenda kwenye shindano lolote la watunga programu hapa Nairobi. Jaza fomu yoyote ya kuomba ufadhili. Swali la kwanza huwa lile lile: je, unatatua tatizo gani? Hilo la pili: tatizo hilo ni kubwa kiasi gani? Hakuna fomu niliyowahi kuona inayouliza: watu hawa wanafanya nini vizuri tayari? Nani anaaminika hapo? Habari husafiri vipi?

Mimi mwenyewe niliwahi kujaza fomu ya namna hiyo kwa shirika moja. Nilieleza mtaa wetu kama jalala. Hakuna maji, hakuna usalama, vijana hawana kazi, taka kila mahali. Yote yalikuwa kweli. Lakini nilipomaliza kusoma nilichoandika, sikuiona hata sura moja ya mtu ninayemjua. Muuguzi mstaafu hakuwemo. Timu ya mpira haikuwemo, ila kama "vijana wasio na ajira." Mama mboga hakuwemo, ila kama "mfanyabiashara mdogo asiye na mtaji." Niliwauza majirani zangu kwa upungufu wao, na kadiri nilivyowafanya waonekane wanyonge ndivyo nafasi yangu ya kupata pesa ilivyoongezeka.

Chicago waliliona hili mapema

Baadaye nilikuja kugundua kwamba sikuwa wa kwanza kuona jambo hili. Mwaka 1993, John McKnight na mwenzake John Kretzmann wa Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na jiji la Chicago, walichapisha kitabu kiitwacho Building Communities from the Inside Out. Walikuwa wamezunguka mitaa mingi ya miji ya Marekani, mitaa iliyopoteza viwanda na ajira, wakiwauliza watu wawaeleze mambo waliyowahi kufanya pamoja yakafanikiwa.

Hoja yao ni rahisi. Mtaa unaweza kuuchorea ramani mbili. Ramani ya kwanza ni ya mahitaji: uhalifu, umaskini, nyumba mbovu, watoto walioacha shule. Ramani ya pili ni ya uwezo: vipaji vya mtu mmoja mmoja, vikundi ambavyo watu wamejiundia wenyewe, na taasisi zilizopo kama shule, maktaba na makanisa. Mtaa ni ule ule mmoja. Lakini ukifuata ramani ya kwanza, unamwona kila mkazi kama mteja wa kuhudumiwa na wataalamu kutoka nje. Ukifuata ya pili, unamwona kama mtu mwenye kitu cha kutoa. Wakasema pia jambo ambalo lilinichoma: viongozi wa mitaa hulazimika kuwapaka watu wao matope ili wapewe fedha. Nikaikumbuka fomu yangu.

Kwa wale mnaopenda kila kitu kiwe na Mkenya ndani yake, mnaweza kufurahi kidogo. Barack Obama alifanya kazi ya kuunganisha wakazi wa kusini mwa Chicago kuanzia 1985 hadi 1988, na McKnight ni mmoja wa watu waliomwandikia barua ya kumpendekeza alipoomba kusoma sheria Harvard.

Lakini hatuhitaji kwenda mpaka Chicago. Sisi tumekuwa na vyama vya kuzungushiana pesa, tumekuwa na kuchangia matanga na harusi, tumejenga shule kwa harambee. Tatizo ni kwamba sisi watu wa teknolojia tukikaa mbele ya tarakilishi tunasahau kwamba hizo nazo ni teknolojia. Chama cha akina mama ishirini kinachokutana kila Jumapili, chenye kanuni, daftari, faini na mwenyekiti, ni mfumo. Tofauti ni kwamba umeandikwa vichwani mwa watu badala ya kwenye seva.

M-Pesa nayo ilifundishwa na watu

Mfano tunaoupenda kuliko yote tukizungumza na wageni ni M-Pesa. Lakini mara nyingi tunausimulia vibaya, kana kwamba wahandisi walikaa chumbani wakapata wazo, kisha wakatuokoa.

Majaribio ya kwanza mwaka 2005 yalilenga kitu kingine: kuwasaidia wateja wa taasisi ya mikopo midogo, Faulu, kulipa mikopo yao kwa simu. Watu waliopewa huduma ile wakaanza kuitumia kwa mambo yao. Wakatumiana pesa wao kwa wao. Wakawanunulia jamaa zao muda wa maongezi. Wengine wakaweka pesa kwenye simu kabla ya safari, wakazitoa wakifika, ili wasiibiwe njiani. Huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, jambo lililotangazwa ni kutuma pesa nyumbani, si kulipa mkopo.

Kwa nini ilishika? Kwa sababu barabara ilikuwepo tayari. Mtu wa Nairobi alikuwa akituma pesa kwa mama yake kijijini kwa kumpa dereva wa matatu bahasha au kumtuma ndugu anayesafiri. Uhusiano ulikuwepo, wajibu ulikuwepo. Wahandisi walichofanya vizuri ni kuangalia watu wanapita wapi, kisha wakaweka lami hapo. Na wakala je? Mara nyingi ni mwenye duka ambaye mtaa mzima unamjua tayari.

Tazameni pia Kibera. Kwa miaka mingi Kibera ilikuwa kama pengo tupu kwenye ramani za mtandaoni, ingawa ni mahali panapozungumzwa sana duniani. Mwaka 2009 mradi wa Map Kibera uliwapa vijana wa Kibera wenyewe vifaa vya GPS, wakatembea vichochoro wanavyovijua tangu utotoni, wakachora ramani na kuiweka kwenye OpenStreetMap. Mgeni angeandika "makazi duni" na kumaliza. Kijana wa pale anajua kliniki iko wapi, msikiti uko wapi, maji yanauzwa wapi. Ujuzi ulikuwepo kabla ya vifaa kufika.

Nilichofanya baadaye

Baada ya kisa cha mzee, nilizima seva. Iliniuma, siwezi kusema uongo. Kisha nikafanya kitu ambacho hakina msimbo hata mstari mmoja. Jumamosi moja nilienda kukaa kwa mama mboga, nikamwomba anifundishe.

Alinicheka. "Kijana wangu, wewe na kompyuta zako nikufundishe nini?"

Nikamwambia, "Mama, nataka kujua wewe unajuaje mambo."

Akanionyesha daftari lake la madeni. Wengi wetu tungeona orodha ya watu waliokopa sukuma na nyanya. Lakini alivyolisoma yeye ni kitu kingine. Huyu analipa kila Ijumaa, wiki hii hajalipa, basi kazi ya mjengo imesimama. Huyu ameanza kuchukua unga nusu kilo badala ya kilo mbili, mumewe ameenda. Huyu alikuwa anakopa, sasa analipa taslimu na kununua matunda, amepata kazi na ni mjamzito. Na yote hayo hamwambii mtu. Hutumia tu anapoona kuna haja: anaongeza nyanya mbili bila kuhesabu, au anamtuma mtu akaulize hali.

Nilipata fedheha. Mimi nilikuwa nikijisifu kwa hifadhidata yangu.

Kisha akanitambulisha. Hilo ndilo lililokuwa la maana zaidi. Nilizunguka mlango kwa mlango, lakini safari hii nikisema "nimetumwa na mama wa pale chini," na milango ikafunguka. Sikuuliza "shida yenu ni nini?" Niliuliza maswali matatu tu: Unajua kufanya nini ambacho ungeweza kumfundisha mwingine? Umewahi kufanya nini pamoja na majirani kikafaulu? Ukiwa na shida usiku, unamgongea nani kwanza?

Hapo ndipo nilipoujua mtaa nilioishi miaka sita. Kumbe kuna fundi wa mabomba aliyestaafu ambaye anajua kila valvu ya maji ya eneo letu ilipo. Kumbe yule dada mnyamavu wa ghorofa ya nne ni mwalimu wa hesabu na amekuwa akiwafundisha watoto wa ploti bure jioni. Kumbe mwenye nyumba wa ploti ya pili ana tangi kubwa na huwauzia watu maji kwa bei nafuu kukiwa na ukame, lakini wanaojua ni wale wa upande wake tu. Kumbe chama cha akina mama kina sufuria kubwa, hema na viti ambavyo hukaa bure wiki nyingi.

Na lile swali la tatu lilileta majibu ya kushangaza. Majina yale yale yalijirudia. Katika ploti zetu zote, watu waliotajwa sana hawakuzidi kumi na wanne. Hakuna aliyewachagua. Wengine hata wenyewe hawakujua kwamba ni wao.

Nilipofika hapo ndipo niliporudi kwenye tarakilishi. Nilichoandika kilikuwa kidogo hadi unaweza kukicheka. Mwenye tangi, au fundi, au mama mboga akituma ujumbe mfupi kwa namba moja, ujumbe huo unawafikia wale kumi na wanne. Basi. Hakuna programu ya kupakua, hakuna usajili, na inafanya kazi kwenye mulika mwizi. Maji yakikatika, fundi anaandika valvu ipi imefungwa, mwenye tangi anaandika kama ana maji na bei gani, na wale kumi na wanne wanasambaza kwa njia wanazozijua wao: mlangoni, ngazini, kwenye kikundi cha WhatsApp, kanisani. Wiki ya kwanza tu ilitumika zaidi ya ile programu yangu ilivyotumika mwaka mzima.

Nikalewa sifa tena. Nikaenda kwa mwenyekiti wa chama nikamwambia naweza kuwaundia mfumo wa kuhesabu michango ili wasihitaji kukutana kila Jumapili. Alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, tukiacha kukutana, tutajuaje nani amekonda?"

Sikuwa na jibu. Nilidhani mkutano ni gharama ya chama. Kwao mkutano ndio chama chenyewe, na pesa ni kisingizio cha kukutana. Kuna mambo ambayo ukiyaharakisha unayaua.

Najua mtasema nini

Najua kuna wanaosoma huku wanatikisa kichwa. Nizijibu hoja tatu ambazo nimekutana nazo.

Ya kwanza: huku si kuiachia serikali mzigo wake? Kama majirani wanajipangia maji, kaunti itahangaika kwa nini? Hoja hii ina uzito. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema kila mtu ana haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Haki hiyo haifutwi na tangi la jirani. Lakini niliyoyaona ni kinyume cha hofu hiyo. Kabla ya hapo, kila mtu alikuwa akienda kulalamika peke yake na kurudishwa. Sasa tulienda watu kumi na wawili, na fundi mstaafu mbele, akieleza valvu ipi, tarehe gani na saa ngapi. Afisa aliyetupokea hakuweza kutupiga chenga, kwa sababu aliyekuwa akiongea anaijua kazi kumliko. Watu wanaojua nguvu zao hudai haki zao vizuri zaidi.

Ya pili: si kila uhusiano wa ujirani ni mzuri. Hii ndiyo hoja inayonikosesha usingizi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini humu, na wengine walifukuzwa na majirani waliokuwa wakila nao. Jumbe za chuki zilisafiri kwa simu, kwenye njia zile zile za kuaminiana ninazozisifu hapa. Kwa hiyo anayejenga juu ya mahusiano ni lazima aulize: nani hayumo? Kwetu, wale kumi na wanne wa kwanza karibu wote walikuwa watu waliokaa muda mrefu. Wapangaji wapya, wasichana wanaofanya kazi za nyumbani na familia mbili za wakimbizi hawakumtaja mtu yeyote kwenye swali la tatu. Hawakuwa na wa kumgongea. Ilibidi tuwatafute makusudi. Leo mmoja wa wanaotuma jumbe ni dada anayefanya kazi ya ndani, na ndiye anayewajua watoto wote kwa majina.

Ya tatu: faragha. Orodha ya nani anaishi peke yake, nani anaumwa na nani ana pesa ni kitu cha hatari mkononi mwa mtu mbaya. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatutaka tuwe waangalifu, lakini hata bila sheria, ni heshima tu. Majibu ya maswali yale matatu hayajawahi kuingia kwenye seva yangu. Yako kwenye daftari moja la mazoezi, na linakaa kwa muuguzi mstaafu. Wengine hawakutaka kuandikwa, nasi hatukuwaandika. Mtunga programu anayejua wakati wa kutohifadhi data ni mtunga programu aliyekomaa.

Kwa mwenzangu unayetaka kuujengea mtaa wako kitu

Sina kanuni za dhahabu. Nina mambo machache niliyojifunza kwa kuumia:

1. Tafuta kwanza mtu ambaye kila mtu humuuliza mambo. Mara nyingi hana cheo. Anaweza kuwa mama mboga, kinyozi, mlinzi au fundi wa baiskeli. Mwombe akufundishe, usimwombe akutangazie.

2. Uliza kilichowahi kufaulu kabla ya kuuliza kinachokosekana. Mtu akisimulia walivyofanikiwa, anakueleza pia nani anaaminika na kwa njia gani.

3. Ukikuta kitu kinafanya kazi bila wewe, kiache. Unganisha pale penye pengo tu. Kwetu pengo lilikuwa kati ya upande mmoja wa mtaa na mwingine, si kila mahali kama nilivyodhani.

4. Tumia simu ambayo mzee wa ghorofa ya tatu anayo, si ile uliyo nayo wewe.

5. Kila baada ya muda, uliza nani hayumo.

6. Uwe tayari kuambiwa "hapana," na ukiambiwa, uulize kwa nini. Ile "hapana" ya mwenyekiti wa chama ilinifundisha kuliko miaka minne ya chuo.

Katika kazi yetu tuna neno tunalolitumia bila kufikiri: mtumiaji. Tunasema watumiaji wanataka hiki, watumiaji hawakuelewa kile. Neno hilo linafaa kwa kikokotoo. Haliwafai watu ambao tunagawana nao ngazi, maji na ukuta. Mtumiaji anapokea tu. Jirani hupokea na hutoa, na ukimnyima nafasi ya kutoa umemdharau, hata kama umempa kitu bure.

Wiki iliyopita nilikuwa na homa, nikalala ndani siku mbili. Siku ya pili jioni mlango uligongwa. Alikuwa mtoto wa jirani, ameshika pakiti ya maziwa na limau tatu. "Nimetumwa na mama wa pale chini," akasema. "Anauliza kwa nini hujashuka."

Haya, nimesema yangu. Kesho ukishuka ngazi, msalimie yule ambaye huwa unampita, kisha umuulize anajua kufanya nini. Mpaka siku nyingine, kwaherini.